Pedali Iliyopimwa kwa Mguu wa Mwingine

Kabla hakujapambazuka, kitu kililia sebuleni: kwii. Kikanyamaza, kikalia tena polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Fundi alikuwa macho tayari, amelala chali akingoja mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano, naye aliujua mlio huo. Ulikuwa mguu wa baba mkwe wake juu ya pedali yake kuukuu. Mzee alikuwa akifanya mazoezi bila umeme ili asimsumbue mtu, na katika nyumba nzima hakuna kilichomsaliti ila hiyo pedali.

Mtaani walimwita Mzee Waya kwa sababu ya gitaa lake. Halikuwa gitaa la kukumbatia. Lilisimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, nyuzi zake zikitazama juu, na mzee alikaa nyuma yake juu ya kigoda. Mkono wa kushoto uliteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia ukadonoa. Huko chini ndiko kulikokuwa na shughuli zaidi. Mguu wa kushoto ulikanyaga vyuma vya kuvuta nyuzi, na magoti yote mawili yalisukuma vijichuma vilivyoning'inia chini ya gitaa, kila kimoja kikikaza au kulegeza uzi wake. Mguu wa kulia ulikuwa na kazi moja tu, pedali ya sauti. Mzee aligusa uzi pedali ikiwa imelegea, kisha kadiri sauti ilivyotaka kufa, aliikandamiza kidogo kidogo, na sauti ikaendelea kulia hadi yeye mwenyewe atakapo. Watu walisema gitaa lile linaimba bila kuvuta pumzi.

Sasa pedali ilikuwa imechoka. Ikikanyagwa ililia, na ikiunganishwa na spika ilikwaruza kama mtu anayekuna sufuria. Bendi ilivumilia. Mzee Waya alikuwa humo tangu wengi wao hawajaota ndevu.

Fundi alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa chini ya dirisha la mbele, na mumewe alikuwa dereva wa malori ambaye nyumba aliiona kama mgeni. Kwa hiyo waliobaki mara nyingi walikuwa wao wawili, yeye na mzee, na hawakuwahi kugombana. Siku moja mkanda wa cherehani ulipokatika katikati ya kazi ya haraka, mzee alitoka bila kuaga, akazunguka mjini kwa miguu, akarudi na mkanda mpya amejivisha shingoni kama mkufu, asije akausahau kwenye benchi. Fundi hakuusahau mkufu ule. Ndiyo maana alipomaliza kushona sare za shule na kulipwa, alikata shauri kumnunulia mzee pedali mpya, na asimwambie kitu.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa chumba kirefu chenye joto. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba, mwenye kitambaa cha kufutia vumbi begani. Fundi alimweleza anachotaka na kwamba mkono wake si mrefu. Kijana hakumdharau. Aliteremsha pedali mbili za bei nafuu akaziweka sakafuni. Moja ilikuwa fupi na nyepesi, kama kifuniko cha sanduku. Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, imeinuka vizuri kisiginoni.

"Huyo mpigaji ni wa gitaa gani, mama?"

"Lile la miguu minne."

"Aa. Basi ingekuwa heri uje naye. Lile lina mambo mengi chini ya meza. Mtu inabidi akae nalo aone goti lake linafika wapi."

"Mdogo wangu," alisema Fundi akivua kandambili, "mimi nakanyaga pedali tangu wewe hujui kujifunga kamba za viatu."

Kijana akacheka. "Haya, mama. Mguu ni wako."

Fundi alikaa kwenye kiti akazijaribu kama anavyojaribu cherehani. Ile fupi ilimfanya anyooshe kifundo cha mguu, na kifundo chake, kwa miaka ya kushona, hakipendi kunyooshwa. Ile ndefu iliupokea mguu kama mto. Tena haikuteleza. Alimfikiria mzee na mguu wake wa uzeeni ukipumzika pale, akaona raha. Akachukua ndefu. Alipofika nyumbani akaibandikia kipande cha zulia chini ili ing'ang'anie sakafu, na ile kuukuu akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Alitaka mzee aamke akute mambo yamekwisha.

Mzee Waya aliishika pedali mpya kwa mikono miwili. Fundi alimsimulia yote huku akicheka, jinsi alivyovua viatu dukani, jinsi alivyomfunga mdomo yule kijana. Mzee alicheka naye. Akakaa, akaweka mguu, akakanyaga. Akauondoa mguu, akaurudisha, akakanyaga tena.

"Nzuri, mwanangu," alisema kisha. "Umejitesa kwa ajili yangu."

Harusi ilikuwa siku chache baadaye, ya binti wa mwoka mikate, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Maharusi walipoanza kuingia, bendi ilinyamaza kumwachia Mzee Waya, kama ilivyokuwa kawaida yake, maana wimbo wa kuingilia ulikuwa mali yake. Sauti ya kwanza ilitoka laini. Alipoanza kukandamiza pedali ili isife, ikapinda. Ikapanda mahali isipotakiwa, ikatetemeka, ikashuka. Akaanza upya. Ikapinda tena. Bibi harusi alisimama, mguu mmoja mbele, hajui aendelee au angoje.

"Mzee anamtafuta mbuzi wake," alisema mwanamume mmoja nyuma ya Fundi, na safu nzima ikacheka.

Mwanamke aliyekaa kando ya Fundi akamgeukia. "Huyu si mkwe wako? Ana nini leo?"

Fundi aliona uso unamwaka moto. Aliona macho yanamgeukia, mengine ya huruma, mengine ya kucheka, na akataka tu yaondoke. Akatoa kicheko kidogo.

"Uzee, jamani," alisema. "Mikono haisikii tena."

Mpiga kinanda akaudaka wimbo, maharusi wakaingia, sherehe ikaendelea. Mzee Waya aliiweka mikono juu ya nyuzi kuzituliza, akakaa hivyo hadi mwisho kama mtu anayemlaza mtoto. Vyombo vilipokuwa vikifungwa, kiongozi wa bendi, ambaye siku za kazi alikuwa seremala, alimshika bega akamvuta kando. Fundi alisikia maneno mawili matatu. Pumzika kidogo. Tutakuita.

Njiani mzee alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Walipokaribia nyumbani akasema, akitazama mbele, "Ni kweli, unajua. Mikono haisikii tena."

Fundi alishtuka, maana yalikuwa maneno yake yeye. Akajiambia kwamba kila mtu husema hivyo.

Wiki iliyofuata sebule ilikuwa kimya kila asubuhi. Kisha mzee alikuja kusimama karibu na cherehani akiwa ameshika kofia.

"Una kitambaa kizito kilichobaki? Nishonee cha kulifunika gitaa. Liwe limefunikwa vizuri hadi chini, vumbi lisiingie. Nadhani halitaondoka tena hapo."

"Baba, si walisema watakuita?"

"Walisema." Akatabasamu. "Mtu mwungwana humfukuza mwenzake hivyo. Usihangaike, mwanangu. Kitambaa chochote."

Mzee alipotoka kwenda kunyolewa, Fundi alichukua utepe wake wa kupimia akaingia sebuleni. Alipima urefu wa juu, upana, kimo cha miguu. Miguu yenyewe aliikuta imerefushwa hadi mwisho wa skrubu zake, jambo ambalo hakulielewa. Chini ya mapazia alikuta kigoda cha jikoni, kile kifupi cha kumenyea viazi, nacho hakukielewa. Akakaa kwenye kigoda cha mzee aone kitambaa kitaangukaje upande wa mpigaji. Bila kufikiri akaweka mguu wa kulia juu ya pedali, na goti lake likagonga chuma.

Alitulia. Akainua mguu, akaurudisha. Goti likagonga tena. Alipokanyaga kwa vidole, kisigino kikainuka na goti likakisukuma kile kijichuma pembeni, na huko mwisho wa gitaa kitu kikajongea, kikavuta uzi. Fundi alinyoosha mkono akaudonoa uzi huo huku akikanyaga. Hata bila spika aliisikia sauti ikipinda. Huyo ndiye mbuzi wa harusini.

Akapima. Toka sakafuni hadi juu ya goti lake, toka sakafuni hadi kwenye chuma. Hakuhitaji kupima. Maisha yake yote hajawahi kumkatia mtu nguo kabla ya kumzungushia utepe, hata mtoto mchanga, lakini kwa baba mkwe wake alikuwa amekata kwa macho, tena kwa mwili wa mtu mwingine. Miguu ya gitaa iliyorefushwa akaielewa. Kigoda cha viazi akakielewa. Mzee alikuwa amejaribu kuliinua gitaa, akajaribu kukaa chini zaidi, akajaribu pengine kupiga huku goti amelipinda kando kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, yote hayo alfajiri, bila kumwambia.

Ungedhani angemngoja mlangoni amwambie. Hakumwambia. Mzee aliporudi amenyolewa vizuri, akiuliza kama kitambaa kimepatikana, Fundi alisema kimepatikana. Akakikata. Akashona upindo wa upande mmoja. Alijiambia kwamba mzee amekwisha kuridhika, kwamba ukweli ungemuumiza zaidi, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu hujisemea akiwa ameinamisha kichwa juu ya kazi. Kila mzee alipopita nyuma yake na kusema, "Pole na kazi, mama," Fundi aliikanyaga cherehani kwa kasi zaidi.

Alishika pindo la pili, akasimamisha cherehani. Akaenda sebuleni, akakuta mzee anafuta nyuzi kwa mafuta kidogo, taratibu, kana kwamba anamwandaa mtu kwa safari.

"Baba, ni pedali," alisema. "Ni mimi. Ile ndefu inakuinua goti."

Mzee aliendelea kufuta uzi mmoja hadi mwisho. "Kaa, mwanangu."

"Ulijua."

"Siku ile ile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulivua viatu dukani ukanijaribia kwa mguu wako. Ulikuwa unanisimulia unacheka mpaka machozi. Ningekuambia nini? Nilidhani nitaizoea. Mguu hujifunza. Huu ukakataa."

Fundi alikuwa na swali jingine, na alitamani asiulize. "Pale harusini. Ulisikia nilichosema?"

Mzee alikunja kitambaa chake mara mbili. Hakumtazama. "Mwanangu, masikio ndiyo kitu pekee changu ambacho hakijazeeka."

Fundi alitamani sakafu ifunguke. Machozi hayakuja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mzee ndiye aliyeinuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai, akamwekea karibu.

"Kunywa kabla haijapoa. Watu wengi walicheka siku ile."

"Hao wengine hawaishi nawe wala hawakuiti Baba. Nitakwenda kwa seremala nimwambie."

"Usiende. Utajiaibisha bure. Nimeshawaambia mikono imechoka, wameamini, yamekwisha."

"Aibu ni yangu, Baba. Umeibeba wewe. Nipe niibebe mwenyewe."

Mzee alifikiri. "Wewe na mume wako ni wabishi sawasawa," alisema. "Sijui alikupatia wapi."

Karakana ya seremala ilijaa maranda hadi vifundoni. Alikuwa akilainisha ubao wa kichwani mwa kitanda, na juu ya rundo la mbao alikaa mpiga besi wa bendi, mama mnene mwenye sauti nzito kuliko gitaa lake, akinywa soda. Fundi alikuwa ametumaini kumkuta seremala peke yake. Aliganda mlangoni. Angeweza kusema amekuja kuulizia bei ya kabati.

"Shemeji, karibu," alisema seremala. "Mzee hajambo?"

Fundi akapiga moyo konde akasema yote: duka, kijana aliyemwonya, pedali ndefu, goti, chuma. Akasema na lile alilolisema harusini. Hilo lilikuwa gumu kutoka, akalitoa hivyo hivyo, huku akiyatazama maranda.

Mpiga besi akashusha chupa yake. "Kwa hiyo yule mbuzi alikuwa wako."

"Alikuwa wangu."

"Basi bibie unafuga. Tulimsikia hadi barabarani." Lakini alisogea akampisha nafasi juu ya mbao, akampa soda iliyobaki bila hata kufuta mdomo wa chupa.

Seremala hakucheka. Aliweka randa chini. "Nilikuwa karibu naye, nyuma yake tu," alisema. "Miaka yote namjua. Sikuinama hata mara moja kutazama miguu yake. Nilitazama mvi." Akajipangusa vumbi la mbao usoni, na likabaki pale pale. "Sikiliza, shemeji. Sitamrudisha kwa kumwonea huruma, hatapenda. Mpelekeni dukani achague mwenyewe. Nitakuja na mkokoteni wa kubebea gitaa. Nikimsikia sawa, nafasi yake ipo. Kama ni mikono kweli, safari hii nitamwambia usoni mwake, si kwa kumzungusha."

"Sawa," alisema Fundi, na njia nzima ya kurudi moyo ulimdunda, maana sasa hata yeye hakuwa na hakika na mikono ya mzee.

Muuzaji alipoona mkokoteni, gitaa la miguu minne, mzee mwenye kofia, seremala, mpiga besi ambaye hakualikwa, na nyuma kabisa Fundi ameikumbatia pedali ndefu, alielewa. Hakusema, "Nilikuambia." Alisogeza meza ya mbele kupata nafasi, akamletea mzee kiti kisicho na mikono.

"Tuanze na goti, mzee wangu," alisema tu.

Mzee Waya alikaa. Pedali ya kwanza ilikuwa fupi vya kutosha, ila ilikuwa na springi, na kila alipolegeza ilirudi juu yenyewe. "Hii ni ya cherehani," alisema. "Inataka nisimame zamu. Mimi nataka ikae pale nilipoiacha." Fundi aliinamisha kichwa, lakini mzee alikuwa akimtania, na alimkonyeza aone. Ya pili ilikaa mahali pake, goti likapita salama, ila sauti ilitoka nzito, kama mtu anayeimba chini ya blanketi. Kijana alisema hiyo imetengenezwa kwa kinanda, ndiyo maana, akaiondoa.

Ya tatu aliitoa chini ya meza. Ilikuwa imetumika, rangi imechubuka upande mmoja, na ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Mzee aliikanyaga bila kupiga kitu, juu, chini, akaiacha katikati, akaondoa mguu. Ikabaki katikati. Akashusha mkono akapitisha vidole kati ya goti na kile kijichuma. Vidole vikapita.

Akapiga wimbo wa kuingilia.

Seremala hakumtazama usoni. Alichuchumaa, macho kwenye mguu wa mzee, kama mtu anayelipa kitu alichokosa kulipa. Sauti ilianza kutoka mahali ambapo hakuna sauti, ikaja, ikajaa, ikangoja, ikapita juu ya ngoma zilizotundikwa ukutani. Mteja aliyekuwa akijaribu filimbi aliishusha. Fundi aliifuata sauti kila ilipopanda, akingoja mbuzi. Mbuzi hakuja. Karibu na mwisho mzee aliteleza, chuma kikapita kidogo mahali pake, akakirudisha.

Alipomaliza, aliwahi kusema kabla yao. "Pale mwisho ulikuwa mkono. Pedali haina kosa."

"Niliusikia," alisema seremala, akiinuka kwa kujishikilia mezani. Macho yalikuwa mekundu kidogo, na pengine ni vumbi la mbao. "Huo tutakusamehe. Jumamosi mazoezi, kama kawaida. Usipokuja tutakufuata."

"Na wewe," mzee alimwambia, "siku nyingine ukitaka nipumzike, sema nipumzike."

"Nitasema, mzee."

Mpiga besi alikuwa amekwisha kuanza kulifunga gitaa. Fundi akabaki na pedali ndefu. Aliiweka mbele ya kijana, zulia bado limebandikwa chini, gundi imechafua ukingo.

"Nimeiharibu," alisema. "Na siku ile nilikujibu vibaya. Ulisema neno la maana nikakufunga mdomo. Samahani, mdogo wangu."

Kijana aligeuza pedali akatazama zulia. Akalibandua taratibu, akafuta gundi kwa kile kitambaa cha begani, likabaki doa. "Hii ataipenda mpiga kinanda yeyote. Wao hawana chuma magotini. Chukueni hiyo aliyoichagua mzee, tubadilishane, tumalizane hapo."

"Lakini hii imechafuka."

"Na ile imechubuka, mama. Zimetoshana." Akamfungia ile pedali kwenye karatasi, ingawa hakukuwa na haja, akampa yeye, hakumpa mzee. Nje mkokoteni ulikuwa umeanza kujongea, na mzee alikuwa akimsomesha seremala jinsi ya kukwepa mashimo. Fundi alikwisha kufika mlangoni kijana alipomwita, kwa sauti ndogo kidogo, maana duka lilikuwa limerudia kimya chake.

"Mama, pitieni tena hapa. Hata siku ambayo hamnunui kitu. Mwambie na mzee."